Abdul-Qahir al-Baghdadi: Imamu wa Makundi na Namba 945

Mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu hamalizi mwaka wa kwanza chuoni bila kukutana na kitabu al-Farq bayna al-Firaq. Ni kile kitabu cha makundi: Khawarij waligawanyika vipi, Mu'tazila walihitilafiana na wenzao katika lipi, Karramiyya walisema nini kuhusu sifa za Mwenyezi Mungu. Walimu hukitaja, sisi tunakiingiza kwenye kazi zetu za kuandika, kisha tunaendelea na mengine. Mtunzi wake anabaki kuwa jina tu kwenye jalada.

Mtunzi huyo ni Imamu Abu Mansur Abdul-Qahir ibn Tahir at-Tamimi al-Baghdadi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nimependa tumsome katika toleo hili kwa sababu ya kitabu chake kingine, ambacho kwenye masomo ya akida hakitajwi kabisa. Kinaitwa at-Takmila fil-Hisab. Ni kitabu cha hesabu, na humo yule mtu tuliyemzoea kwa kubishana na makundi anakaa kimya na kujumlisha namba.

Alizaliwa Baghdad katika karne ya 4 Hijria. Baba yake, Tahir, alikuwa mtu wa elimu na mwenye mali, akahama naye kwenda Nishapur, mji mkubwa wa Khurasan, ambao leo uko kaskazini mashariki mwa Iran. Kuitwa kwake al-Baghdadi kusitudanganye. Maisha yake ya elimu aliyaishi Nishapur, na huko ndiko watu walikomjua.

Nishapur ya wakati ule ilikuwa na kila kitu. Wapokezi wa hadithi walikuwa wengi, Mashafii walikuwa na nguvu, na Karramiyya nao walikuwa na wafuasi wengi na sauti kubwa mjini. Kijana aliyetaka elimu hakuwa na haja ya kusafiri mbali kutafuta mtu wa kubishana naye. Al-Baghdadi mwenyewe ameeleza kwamba mwaka 370 Hijria, sawa na mwaka 980 Miladia au unaofuata, alifanya mjadala na mwanachuoni mmoja wa Kikarrami katika baraza la mkuu wa jeshi la Wasamani, watawala wa Khurasan wa siku hizo. Kwa hiyo tayari alikuwa mtu wa kuitwa barazani miaka karibu sitini kabla ya kufa kwake.

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Abu Ishaq al-Isfarayini, mmoja wa nguzo za Ash'ariyya na za fiqhi ya Kishafii. Abu Ishaq alipofariki mwaka 418 Hijria (1027), mwanafunzi wake ndiye aliyekalia nafasi yake ya kufundisha katika Msikiti wa Aqil mjini Nishapur. Wanaoandika tabaka za wanachuoni wanasema alikuwa akifundisha fani kumi na saba. Fani kumi na saba! Sisi tunalalamika tukipewa kozi saba kwa muhula.

Jambo jingine wanalolitaja wote ni mali yake. Aliingia Nishapur akiwa tajiri, akaitumia mali hiyo kwa wanachuoni na wanafunzi wa hadithi mpaka ikaisha. Wanasema pia kwamba elimu yake hakuifanya kuwa chanzo cha mali. Habari kama hizi zipo nyingi katika vitabu vya tabaka, na msomaji wa siku hizi anaweza kuzipita haraka kwa kudhani ni sifa za kawaida za marehemu. Kwa al-Baghdadi mimi sizipiti, kwa sababu mtu huyu alijua hesabu kuliko wote waliomzunguka. Alijua vizuri kabisa kila dirhamu ilikokwenda.

Upendo wake wa mpangilio wa namba unaonekana hata pale asipozungumzia namba. Fungua kitabu chake Usulud-Din. Amekigawa katika misingi 15, na kila msingi ameugawa katika masuala 15. Jumla masuala 225. Ukifika mwisho unaona kwamba baadhi ya masuala yamebanwa ili yatoshe, na mengine yamenyooshwa ili hesabu itimie. Katika al-Farq ni vivyo hivyo: kitabu kizima kimejengwa juu ya hadithi mashuhuri ya umma kugawanyika makundi sabini na tatu, na mtunzi anayapanga makundi hayo mpaka yafike idadi hiyo, ili kundi moja libaki kuwa ndilo lililookoka.

Hapa lazima tuseme ukweli. Al-Farq ni kitabu cha mtu aliyesimama upande mmoja. Ana ukali kwa wapinzani, na mara nyingine anawasemea maneno ambayo wao wenyewe wasingeyakubali. Si mimi mwanafunzi ninayeanzisha lawama hii. Imamu Fakhruddin ar-Razi (aliyefariki 606 Hijria, 1210 Miladia), naye ni Ash'ari na Shafii kama yeye, alisema wazi kwamba al-Baghdadi alikuwa na ta'assubu kubwa dhidi ya wanaomkhalifu na kwamba si rahisi kuyategemea anayoyanukuu kutoka kwao. Anayekitumia al-Farq kwa utafiti wake alikumbuke hilo, akitafute na kitabu cha kundi lenyewe kama kipo.

Lakini ar-Razi huyohuyo, katika kitabu kingine, alimsifu al-Baghdadi kuwa mtu asiye na mfano katika hesabu, fiqhi na mirathi, akasema kwamba hata kama asingeandika chochote isipokuwa at-Takmila, kitabu hicho peke yake kingemtosha. Shahidi mmoja, mtu mmoja, hukumu mbili. Kwenye makundi hakumwamini, kwenye namba alimwinamia.

Kwa nini faqihi aandike kitabu cha hesabu? Siku zile swali hili lisingeulizwa. Zaka ni hesabu, mirathi ni hesabu, ubia wa biashara na upimaji wa ardhi ni hesabu. Tatizo lilikuwa kwamba hesabu zenyewe zilikuwa za aina nyingi, kila watu na yao. Makarani na wafanyabiashara walihesabu kwa kukunja vidole. Wanajimu walitumia mfumo wa sitini-sitini, ule ambao mpaka leo umebaki katika dakika na sekunde. Na kulikuwa na tarakimu za Kihindi, ambazo zilikuwa zikienea taratibu. At-Takmila inazikusanya zote mahali pamoja: Kihindi kwa namba nzima na kwa sehemu, ya sitini, ya vidole, ya mizizi isiyo na mwisho kamili, na ya biashara. Katikati ya hizo kuna mlango juu ya sifa za namba zenyewe. Mlango huu hauna faida sokoni hata kidogo, na ndio uliompa jina katika historia ya hesabu.

Naomba msomaji aliyekimbia hesabu baada ya sekondari anivumilie kwa aya chache. Kinachohitajika ni kujumlisha na kugawanya tu. Kigawo cha namba ni namba inayoigawa bila kubakisha. Chukua namba, tafuta vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, kisha vijumlishe. Vigawo vya 10 ni 1, 2 na 5. Jumla 8, pungufu ya 10. Namba ya namna hii Waarabu waliiita naqis, nasi tunaweza kuiita namba ya nakisi. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4 na 6; jumla 16, imezidi 12. Hiyo ni zaid, namba ya ziada. Na vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3. Jumla 6 kamili. Hiyo ni taam, timilifu. Kiswahili chetu kina maneno nakisi na ziada kutoka lugha hiyohiyo, kwa hiyo tuko nyumbani.

Mgawanyo huu hawakuubuni Waislamu. Ulitoka kwa Wayunani. Nicomachus wa Gerasa, mji ambao leo unaitwa Jerash na uko Jordan, aliuandika katika kitabu chake cha utangulizi wa hesabu yapata mwaka 100 Miladia. Aliyekileta kitabu hicho katika Kiarabu ni Thabit ibn Qurra wa Harran, aliyefariki Baghdad mwaka 288 Hijria (901). Thabit hakuwa Mwislamu; alikuwa Msabii, na Baghdad ilimpa nafasi na heshima. Yeye mwenyewe aliongeza jambo kubwa: kanuni ya kupata namba mbili zinazopendana, yaani jumla ya vigawo vya moja ni nyingine, na jumla ya vigawo vya ile nyingine ni hii ya kwanza. Jozi ndogo kabisa ni 220 na 284.

Nicomachus alizitazama namba kama mtu anayetazama tabia za watu. Timilifu kwake ilikuwa mfano wa wema na uwiano. Za ziada alizifananisha na kiumbe aliyezaliwa na viungo vingi kupita kiasi, na za nakisi na kiumbe aliyepungukiwa viungo. Namba timilifu alizozijua ni nne: 6, 28, 496 na 8,128. Zitazame zilivyojipanga. Moja iko katika mamoja, moja katika makumi, moja katika mamia, moja katika maelfu. Ni nani asingeshawishika kusema kwamba inayofuata itakuwa katika makumi-elfu, na nyingine katika malaki, na hivyo hivyo bila mwisho? Watu walilisema hilo kwa karne nyingi, Ulaya na kwingineko, kama jambo lisilo na shaka. Lilikuwa zuri mno kuachwa.

Al-Baghdadi hakulikubali. Anaeleza katika at-Takmila kwamba anayedai kila daraja ya kumi ina namba timilifu moja amekosea, kwani kati ya elfu kumi na laki moja hakuna hata moja. Wakati huohuo anasema kwamba anayedai namba timilifu huishia na 6 au 8 amesema kweli. Madai yote mawili yalikuwa yakitembea pamoja, yametoka kwa watu walewale, na mtu mvivu angeyakubali yote au kuyakataa yote. Yeye alichukua moja na kuacha moja.

Msomaji anaweza kulihakiki hilo mwenyewe kwa kanuni ya Euclid. Andika 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila moja ikiwa mara mbili ya iliyotangulia. Jumlisha kuanzia mwanzo. Jumla ikitokea kuwa namba tasa, izidishe kwa namba ya mwisho uliyoijumlisha, utapata timilifu. 1 na 2 ni 3, mara 2 ni 6. Ongeza 4, jumla 7, mara 4 ni 28. Ukifika 64, jumla ni 127, ambayo ni tasa, na 127 mara 64 ni 8,128. Hatua inayofuata jumla ni 255 na zao lake na 128 ni 32,640. Hii ndiyo pekee ambayo ingeweza kuangukia kati ya elfu kumi na laki moja, lakini 255 inagawanyika kwa 5, basi imeanguka. Hatua ya baada yake inatoa 130,816, tumeshavuka laki, na hiyo nayo si timilifu kwa sababu 511 ni 7 mara 73. Timilifu ya tano ni 33,550,336. Iko mbali, katika makumi ya mamilioni, na inaishia na 6.

Sasa tuje kwenye 945. Nicomachus alipozigawa namba katika ziada, nakisi na timilifu, alizungumzia namba shufwa. Witiri aliziweka kando na mgawanyo wake mwingine. Waliomfuata wakaona witiri zote ni za nakisi, na ukijaribu chache utaona kwa nini. Vigawo vya 9 vinatoa 4. Vya 15 vinatoa 9. Vya 45 ni 1, 3, 5, 9 na 15, jumla 33. Vya 105 vinafika 87. Utapita mamia ya witiri, na zote zimepungukiwa, huku za ziada miongoni mwa shufwa zimeshapita mia mbili. Karibu kabisa ni 315: vigawo vyake ni 1, 3, 5, 7, 9, 15, 21, 35, 45, 63 na 105, jumla 309. Imekosa sita tu. Mtu angeweza kusimama hapo na kusema, basi, kanuni imethibiti.

Al-Baghdadi anasema witiri ya kwanza ya ziada ni 945. Tujumlishe naye: 1, 3, 5, 7, 9, 15, 21, 27, 35, 45, 63, 105, 135, 189 na 315. Jumla ni 975. Imezidi kwa 30.

Kinachonishangaza ni neno la kwanza. Kusema kwamba 945 ni ya ziada kunahitaji dakika mbili. Kusema kwamba ndiyo ya kwanza kunamaanisha witiri zote zilizo chini yake, ambazo ni 472, zimethibitika kuwa hazizidi. Awe alizipima moja moja au aliona njia ya kuzifuta kwa mafungu, kazi ilifanyika, na jibu ni sahihi mpaka leo. Huko Ufaransa, Charles de Bouvelles aliwasahihisha waliosema witiri zote ni za nakisi katika kitabu kilichochapwa mwanzoni mwa karne ya 16 Miladia, na mfano alioutoa ni 45,045. Ni mfano sahihi, ila ni mkubwa karibu mara arobaini na nane ya ule wa al-Baghdadi, na umekuja zaidi ya miaka mia nne na sabini baadaye.

Aliongeza na aina yake ya namba, alizoziita zenye kulingana: namba mbili au zaidi ambazo jumla za vigawo vyake ni sawa. Mfano wake mdogo ni 39 na 55. Vya 39 ni 1, 3 na 13. Vya 55 ni 1, 5 na 11. Zote zinatoa 17. Kisha anaonyesha namna ya kuzitafuta. Tuseme unataka jumla iwe 57. Ondoa 1, inabaki 56. Tafuta namba tasa mbili zinazofanya 56: 3 na 53, au 13 na 43, au 19 na 37. Zidisha kila jozi, unapata 159, 559 na 703, na zote tatu zinalingana. Njia hii inasimama juu ya swali la kuigawa namba shufwa katika tasa mbili, swali ambalo Ulaya linafungamanishwa na jina la Goldbach tangu mwaka 1742 na halijapata uthibitisho kamili hadi leo.

Huenda msomaji wa sharia anauliza haya yana uhusiano gani naye. Ngoja tuingie kwenye mirathi, somo ambalo wengi wetu huku, tulio Mashafii kama al-Baghdadi, tunalisoma kwa hofu ya mtihani kuliko kwa hamu.

Mafungu yaliyotajwa katika Qur'ani ni nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Ili kuyagawa bila vipande, mafaqihi hutafuta asili ya masala, yaani namba ndogo inayogawika kwa mafungu yote yaliyopo. Asili hizo ni saba: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Na kila mwanafunzi amekariri kwamba asili zinazoingiwa na aul, yaani mafungu kuzidi mali, ni tatu tu: 6, 12 na 24. Sita hupanda hadi 7, 8, 9 na 10. Kumi na mbili hupanda hadi 13, 15 na 17. Ishirini na nne hupanda hadi 27 peke yake.

Sasa zipime asili hizo kwa mizani ya at-Takmila. Vigawo vya 2 vinatoa 1, nakisi. Vya 3 vinatoa 1, nakisi. Vya 4 vinatoa 3, nakisi. Vya 8 vinatoa 7, nakisi. Vya 6 vinatoa 6, timilifu. Vya 12 vinatoa 16 na vya 24 vinatoa 36, zote za ziada. Zisizo na aul ndizo za nakisi, na zenye aul ndizo timilifu na za ziada, bila hata moja kukosea njia.

Sisemi kwamba al-Baghdadi ndiye aliyeyaunganisha haya, wala sisemi kwamba jambo moja linatosha kuthibitisha lingine, kwa sababu katika mirathi fungu moja linaweza kurudiwa, kama wazazi wawili wanapochukua sudusi mbili. Lakini sababu ya kukaribiana kwake inaeleweka. Katika 8, hata mmoja achukue nusu, mwingine robo na mwingine thumuni, wanapata 4, 2 na 1, na moja inabaki. Namba ya nakisi haina vipande vya kutosha kujizidi. Katika 12 vipande vimejaa: 6, 4, 3, 2, 1. Vikikutana vingi kwa wakati mmoja, mali inazidiwa.

Na mali ikizidiwa, ni haki ya mtu iliyo mezani. Chukua masala ya mimbari, mashuhuri kwa sababu Sayyidna Ali (r.a.) aliulizwa akiwa juu ya mimbari akaijibu papo hapo. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, mabinti theluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Asili ni 24, na mafungu ni 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Tuseme ameacha shilingi milioni 27. Msimamizi asiyejua aul atampa mke shilingi 3,375,000, mabinti milioni 18, baba milioni 4 na nusu, kisha akigeuka kwa mama, ambaye naye anadai milioni 4 na nusu, atakuta mkononi zimebaki 1,125,000. Mama amedhulumiwa, na wote waliotangulia wamekula chake bila kujua. Kwa aul, mali inagawanywa kwa 27: mke anapata milioni 3, mabinti milioni 8 kila mmoja, baba milioni 4, mama milioni 4. Thumuni ya mke imekuwa tusui, kila mtu amepungukiwa kwa kiwango kimoja, hakuna aliyebaki mlangoni.

Ndiyo maana watu wa zama zile hawakuona ajabu faqihi kufundisha mirathi asubuhi na sifa za namba jioni. Na ndiyo maana ar-Razi aliziweka hesabu na mirathi katika sifa moja alipomtaja.

Miongoni mwa waliopokea kutoka kwake ni Imamu al-Bayhaqi, mwenye as-Sunan al-Kubra, na Abul-Qasim al-Qushayri, mwenye ar-Risala. Inatosha kuonyesha darasa lile lilikuwa na watu gani. Kizazi kilichofuata cha Khurasan, cha akina Imamul-Haramayn al-Juwayni, kilikulia katika mji ambao al-Baghdadi alikuwa ameufundisha kwa miaka mingi.

Mwisho wake haukuwa wa utulivu. Katika miaka ya 420 Hijria makabila ya Waturkmeni yaliyoongozwa na Masaljuki yalikuwa yakiingia Khurasan, utawala wa Waghaznawi ulikuwa ukivunjika, na Nishapur ikaingia katika fitina. Yeye, mzee, bila ile mali aliyokuja nayo ujanani, aliuacha mji na kwenda Isfarayin, mji wa mwalimu wake. Watu wa Isfarayin walifurahi kupita kiasi kumpata. Furaha hiyo haikudumu, kwani hakukaa sana akafariki hukohuko mwaka 429 Hijria (1037). Walimzika kando ya Abu Ishaq.

Vitabu vyake vilipata bahati tofauti. Al-Farq bayna al-Firaq kilichapwa Cairo mwaka 1910, kikaingia katika vyuo vya dunia nzima, kikamfanya mtunzi wake ajulikane kwa ugomvi wake. Usulud-Din kilifuata mjini Istanbul mwaka 1928. At-Takmila ilibaki katika maandiko ya mkono mpaka mtafiti wa historia ya hesabu, Ahmad Salim Saidan, alipoihakiki na ikachapwa Kuwait mwaka 1985, miaka sabini na mitano baada ya al-Farq.